Ganda la tembo, kichwa cha sungura

Wapenzi wa bunduki huko Marekani wana jina kwa risasi ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza: paka mwitu. Mtu huchukua ganda la kawaida, yaani kikopo cha shaba ya manjano kinachobeba baruti, akalibana shingo inayoshika kichwa cha risasi au akalisogeza bega, ule mteremko chini ya shingo, kisha akachonga chemba ya mtutu, mahali risasi inapokaa, ifuate umbo hilo jipya. Mimi ni mtu wa metali, na kinachonivuta kwenye habari hizi ni ganda lenyewe kuliko shabaha.

Paka mwitu aliyenichekesha kuliko wote alizaliwa mikononi mwa P. O. Ackley, fundi bunduki mashuhuri. Bob Hutton wa jarida la Guns & Ammo alitaka kichwa cha risasi kipite kasi ya futi 5,000 kwa sekunde, yaani kama mita 1,524. Ackley akachukua ganda la .378 Weatherby Magnum, risasi ya miaka ya 1950 ya kuangushia tembo na nyati, akalibana shingo kutoka milimita 9.5 hadi 5.7. Juu yake akaweka kichwa cha gramu 3.2, cha kupigia wanyama wadogo wa shambani. Akaliita kwa Kijerumani cha mzaha: Eargesplitten Loudenboomer, kipasua masikio chenye kishindo.

Kilifika futi kama 4,600. Basi.

Kwa nini baruti yote ile isifue dafu? Gesi haisukumi kichwa peke yake. Inajisukuma na yenyewe, pamoja na chembe za baruti ambazo hazijaungua. Ukiongeza baruti, unaongeza injini na mzigo kwa pamoja. Tena tundu ni jembamba mno kwa ganda lile: ni kama kutaka kumimina pipa zima kwa mdomo wa chupa. Kichwa huondoka mapema, na moto unaobaki nyuma yake unalamba chuma cha mwanzo wa mtutu hadi michirizi ya ndani inaliwa. Mtutu wa namna hiyo hauna maisha.

Kazi ya kubana shingo nayo ina ukaidi wake. Shaba ya manjano haipotei. Ukiipunguzia upana inaongezeka unene, kwa hiyo shingo lazima ikwanguliwe, la sivyo haitapata nafasi ya kufunguka na kuachia kichwa. Kila inapobanwa inakuwa ngumu, hatimaye inapasuka. Dawa ni kuilainisha kwa moto, ila shingo na bega tu. Kitako kiachwe na ugumu wake, maana ndicho kinachobeba shinikizo. Katika karakana yetu niliwahi kuharibu bomba zima la shaba kwa kuliachia moto utambae mpaka mwisho. Lilikunjika kama mkate wa maji. Hilo lilikuwa bomba. Kitako cha ganda kikilegea hivyo, gesi inarudi usoni kwa mpigaji.

Linganisha na paka mwitu mwingine, .22-250. Ganda lake ni la .250-3000 Savage, lililobuniwa na Charles Newton na kuingia sokoni mwaka 1915. Katika miaka ya 1930 mafundi kadhaa, miongoni mwao Grosvenor Wotkyns na J. E. Gebby, walilibana kufikia upana uleule wa 5.7. Gebby alilisajili jina lake, Varminter, ndiyo maana wengine wakabaki na jina la tarakimu, .22-250. Ganda hili ni dogo mno kwa lile la Weatherby, lakini linarusha kichwa cha gramu 3.6 kwa futi kama 3,700, na mtutu unadumu. Kwangu mimi huo ndio ufundi. Ule mwingine ni ubishi mtamu.

Kiwanda cha Remington kiliichukua .22-250 rasmi mwaka 1965. Watengeneza bunduki wa Browning hawakusubiri: mwaka 1963 walianza kuuza bunduki yake wakati hakuna kiwanda kilichotengeneza risasi zake, na mnunuzi alitoka dukani akijua kwamba za kupiga atazijaza mwenyewe mezani kwake.