Mji Mkongwe wa Unguja: Yanayosemwa Barazani na Yaliyo Kweli

Kila masika ikianza, maneno hurudi palepale. Kipande cha ukuta kimedondoka mtaa wa Malindi, roshani imelegea mtaa wa Kiponda, basi mmoja atasema, "Yavunjwe tu yote, tujenge mapya." Mwenzake atamjibu, "Utavunja wapi? Hata msumari huruhusiwi kupigilia, nyumba hizi za UNESCO." Nayapita majumba haya kila siku na nimeyasikia maneno haya tangu utoto. Yote mawili si kweli, na kwa kuyaamini tumepoteza nyumba ambazo zingeweza kusimama.

"Jumba likianguka, ni uzee"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalozaa mengine. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la ufukweni, ilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga ufukwe wote ule, majengo ya jirani yakaharibiwa vibaya, na Beit el Ajaib ikabaki imesimama. Ikawa ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi ikatumiwa na chama cha Afro-Shirazi, kisha ikawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, upande wa mbele ulishuka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki.

Jumba lililohimili mizinga haliangushwi na idadi ya miaka. Adui wa majumba haya ni maji. Bati moja likitoboka, maji hupita ndani ya ukuta mpaka kwenye vichwa vya boriti, pale zinapoingia kwenye jiwe. Boriti za mikoko ni ngumu ajabu zikiwa kavu, lakini zikikaa na unyevu mwaka baada ya mwaka, vichwa huoza huku katikati zikionekana nzima. Boriti hizo ndizo zinazozishika kuta mbili zisiachane. Vichwa vikishaoza, ukuta umeachwa peke yake, unaanza kutoka tumbo kuelekea uchochoroni. Ongeza mche wa mkuyu uliopandwa na ndege kwenye ufa, tangi la maji lililowekwa juu ya dari ambayo haikujengwa kubeba tangi, na bafu la zege lililomwagwa ghorofa ya pili. Hapo jumba litaanguka hata lingekuwa la jana.

Na kweli ya jana huanguka. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Nondo zilikuwemo, zege lilikuwemo, na uzee haukuwepo.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Hili ndilo lililoharibu nyumba nyingi zaidi, na limefanywa kwa nia njema kabisa, na watu waliobana matumizi ili watengeneze kwao.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita au kuzidi. Jiwe la tumbawe lina vitundu ndani kama mkate wa kumimina. Kwa hiyo ukuta hunywa maji kutoka ardhini, na kwa kuwa tuko pwani, hunywa na chumvi pia. Waliojenga walilijua hilo. Waliupaka chokaa, ambayo ni laini na inapumua: unyevu unaoingia hupata njia ya kutoka, chumvi hutokea kwenye lipu, lipu huchakaa polepole, nawe baada ya miaka kadhaa unaipaka upya. Lipu ndiyo inayokufa ili jiwe libaki.

Ukipiga saruji, umeziba njia. Maji hayaachi kuingia kwa sababu umeyakataza kutoka. Yanapanda. Yale yaliyokuwa yakiishia magotini sasa yanafika kifuani, kisha kwenye boriti. Chumvi nayo huganda nyuma ya lipu, huvimba, huisukuma.

Niliwahi kuoneshwa jambo hili na fundi mmoja mzee, katika ukumbi wa nyumba ambayo lipu yake ya saruji ilikuwa bado inang'aa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku amekwisha kuinama, anaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia chini. Sauti ilikuwa nzito, nzito, halafu usawa wa kiuno ikawa tupu kama ya debe. Akaingiza ncha ya mwiko, akabenua. Kikadondoka kipande kikubwa kama sinia. Ilikuwa kaskazi, jua kali, wiki kadhaa hakujanyesha, na jiwe la nyuma lilikuwa majimaji, limefunikwa na unga mweupe.

"Onja," akaniambia.

Nikaonja. Chumvi tupu.

"Saruji ni ngumu kweli, mwanangu. Na ugumu wake ndio ubaya wake hapa."

Alinieleza na jambo jingine ambalo wataalamu wa majengo wanalikubali. Nyumba hizi zinacheza. Boriti hutanuka na kusinyaa, ukuta husogea kidogo. Chokaa ikipata ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuujaza ufa wenyewe. Saruji ikipasuka, imepasuka, na ufa wake unakuwa mlango wa maji. Rangi za plastiki za madukani hufanya kosa lilelile la kuziba, ila wengi hawazihesabu.

Sisemi saruji ni mbaya. Nyumba ya matofali ya saruji uliyoijenga Fuoni, ipige lipu ya saruji. Lakini ukuta wa tumbawe una dawa yake, na dawa hiyo ni chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji, ikaachwa iive. Kinachokosekana zaidi ni mafundi wenye subira nayo, kwa sababu kijana anayejifunza ujenzi leo hufundishwa zege na tofali kwanza, na chokaa huiona kwa bahati.

"Nyumba ya urithi haiguswi"

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mamlaka yake, hata hivyo, ilianzishwa mwaka 1985, miaka 15 kabla, na jina lake ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Masharti ya kuomba kibali tuliyaweka sisi wenyewe Zanzibar, na neno uendelezaji limo kwenye jina. Unaruhusiwa kutengeneza, kuweka umeme, choo na jiko la kisasa. Unachotakiwa ni kibali, na kutogeuza sura ya nje, urefu wa jengo na mambo ya asili kama mlango wa nakshi au roshani.

Majumba haya hayajawahi kukaa na kazi moja. Ile zahanati ya zamani ya Mizingani, aliyoianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kukamilika 1894 yeye akiwa amekwisha kufa, ilifika hali ya kusikitisha kabla Shirika la Aga Khan la Utamaduni halijaitengeneza miaka ya 1990 na kuipa matumizi mapya. Jengo la simu za nje pale Shangani likawa hoteli. Ukweli ni kwamba jumba linalokaa bila kazi ndilo linalokufa mapema zaidi, kwa sababu hakuna anayelala ndani yake akasikia tone la kwanza.

"Mji unakua, lazima tuvunje"

Mji unakua kweli. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikawahesabu 893,169. Ni karibu laki tatu zaidi ndani ya miaka 10. Lakini eneo la urithi lote ni hekta 96, halifiki kilomita moja ya mraba. Ungevunja kila nyumba na kuweka ghorofa juu ya ghorofa, laki tatu hao usingewapatia pa kulala. Nyumba zao zinajengwa nje ya mji, na huko ndiko mipango, barabara na mifereji ya maji inakohitajika haraka.

Kuna na jambo ambalo mwenye kusema "vunja" hulisahau. Nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana kama abiria wa daladala iliyojaa. Ukimtoa mmoja, wa pembeni anayumba. Na lori haliingii uchochoroni: kila jiwe la kifusi litatoka kwa mkokoteni au begani kwa hamali, na kila mfuko wa saruji utaingia vivyo hivyo. Hesabu ya kuvunja huonekana ndogo kwa sababu watu huianza siku kiwanja kikiwa kimekwisha kuwa cheupe.

"Bustani ikitengenezwa, ni ya watalii"

Hapa nakwenda taratibu, kwa sababu malalamiko haya yana ukweli ndani yake. Nyumba zinazogeuka hoteli ni nyingi, kodi zinapanda, na familia zinahamia nje ya mji. Jumba la kale la Mambo Msiige lilipounganishwa na hoteli kubwa ya ufukweni, hata UNESCO ilieleza wasiwasi wake. Mwenye kuuliza, "Ufukwe huu bado ni wetu?" anauliza swali la haki.

Ila bustani ya Forodhani, pale ufukweni, inaonesha kwamba matengenezo na kunyang'anywa si kitu kimoja. Bustani ilifungwa mwaka 2008 na kufunguliwa tena 2009. Wengi walihofu kwamba wauzaji hawatarudi, kwamba pale patawekwa uzio. Sehemu kubwa ya kazi hata haionekani: ukuta wa bahari, mitaro ya maji, nyaya za taa. Nenda leo jua likizama. Vijana wa makachu wanakimbia na kujirusha baharini wakipinduka hewani, watoto wamejipanga ukutani wanawashangilia, wauza urojo na mishikaki wamewasha taa zao, na mama wa Kikwajuni amekaa kwenye nyasi na wanawe bila kulipa chochote. Watalii wapo pia. Kwangu mimi kipimo cha eneo la umma ni hicho: mtu asiye na pesa anaweza kukaa saa mbili bila kuulizwa anataka nini?

"Historia inaishia Darajani"

Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa, ikabaki barabara, na likabaki wazo kwamba upande wa pili hakuna cha kuhifadhi. Huko ndiko alikoishi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, na huko ndiko wakazi walikogoma kulipa kodi ya ardhi miaka ya 1920. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa wakati wa Mzee Karume kwa mpango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nayo yamekwisha kuwa historia, na maji yanayavujia vilevile.

"UNESCO watalipa"

Hawalipi. Kuwemo kwenye orodha hakuji na fungu la kutengeneza paa la mtu, na mji unaweza kutolewa kwenye orodha yenyewe, kama Dresden mwaka 2009 na Liverpool mwaka 2021. Paa ni la mwenye nyumba. Shida ya kwetu ni kumjua mwenye nyumba ni nani. Majumba mamia ni ya wakfu, mengine ya serikali, mengine ya warithi waliotawanyika Muscat, Dar es Salaam na London. Ndani wanaishi wapangaji watatu, wanne, kila mmoja na ghorofa yake, na ngazi na paa havina mtu.

Nyumba moja ninayoijua walichangishana kabla ya masika kubadilisha mabati mawili na mfereji uliooza. Mpangaji wa chini alikataa kutoa, akasema mvua haimfikii, baina yake na paa kuna familia mbili. Bi mkubwa wa ghorofa ya juu hakubishana naye. Alishuka ngazi, akamwomba asogeze kabati lake la nguo, na nyuma yake, kuanzia kwenye boriti mpaka sakafuni, ukuta ulikuwa mweusi kwa maji.