Je, wajua kwa nini utajiri wa Meyer Lansky, bwana wa kasino za mwanzo, haukuonekana alipokufa?

Mwaka 1982 jarida la Forbes lilichapisha kwa mara ya kwanza orodha ya matajiri 400 wa Marekani. Ndani yake limo jina la mzee mmoja mfupi wa Miami Beach, ambaye majirani walizoea kumwona akimtembeza mbwa wake mdogo kando ya Collins Avenue. Forbes ilimkadiria dola milioni 100. Magazeti mengine yalishamtangaza zamani kuwa na milioni 300. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Januari 1983, Meyer Lansky alifariki kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka 80. Wapelelezi hawakuziona pesa hizo, na mwanawe mkubwa alimaliza maisha yake akitegemea msaada wa serikali.

Zilikwenda wapi? Wengi hupenda hadithi ya akaunti ya siri Uswisi. Mimi naona jibu lenye mashiko zaidi limo katika jinsi kasino za enzi zile zilivyomilikiwa.

Lansky alizaliwa mwaka 1902 Grodno, mji uliokuwa chini ya dola ya Urusi na leo uko Belarus. Familia yake ya Kiyahudi ilifika New York mwaka 1911. Kwenye mitaa ya Lower East Side akakutana na Benjamin Siegel na Lucky Luciano, na Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, vijana hao wakaingia kwenye magendo. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, akageukia kamari. Nevada ilikuwa imeihalalisha miaka miwili kabla, lakini Lansky aliendesha kumbi zake Saratoga Springs, New York, na Hallandale, Florida, mahali ambapo sheria ilikataza na wenye mamlaka wakafumba macho kwa bei waliyoelewana.

Alisifika kwa jambo moja la ajabu kwa mtu wa genge: michezo yake haikuwa na udanganyifu. Hakuhitaji. Ruleti ya Kimarekani, gurudumu linalozungushwa na kijipira kikaangukia kwenye namba, ina vishimo 38, lakini ukishinda kwa namba moja unalipwa mara 35 tu. Katika kila dola 100 zinazowekwa, kasino hubaki na dola 5 na zaidi kidogo, usiku baada ya usiku. Mwenye kujua hesabu hiyo hana sababu ya kuchezea gurudumu.

Udanganyifu wenyewe ulikuwa chumba cha nyuma. Kila meza ya kamari ina sanduku lililofungwa kwa kufuli, na noti za wachezaji husukumwa ndani kupitia tundu jembamba. Masanduku yakijaa hupelekwa chumba cha kuhesabia. Hapo bunda fulani la noti liliwekwa kando kabla mtu hajaandika chochote, na kilichobaki ndicho kilichoingia vitabuni na kutozwa kodi. Lile bunda lilibebwa na tarishi hadi kwa wakubwa, na kila mmoja alipata fungu lake kwa asilimia iliyokubaliwa kwa mdomo. Leseni iliandikwa jina la mtu asiye na rekodi ya polisi. Mwenye mali halisi hakuonekana popote, sawa na mtu anayekula mazao ya shamba ambalo hati yake iko kwa mwingine.

Siegel alifungua Flamingo, Las Vegas, Desemba 1946. Gharama zilikuwa zimepita kiasi, na Juni 1947 alipigwa risasi na kuuawa Beverly Hills. Lansky alihusishwa na hoteli hiyo kwa miaka mingi, lakini moja ya nyaraka chache zinazomtaja waziwazi inatoka mwaka 1960, ilipouzwa: alilipwa dola 200,000 eti kwa kumtafutia muuzaji mnunuzi.

Huko Cuba ndiko alikoweka kila kitu. Fulgencio Batista alirudi madarakani mwaka 1952 wakati watalii wakilalamika kuibiwa kwenye michezo ya kamari, akamwita Lansky asafishe kasino za Havana. (Naam, rais alimwita mtu wa genge kukomesha wizi, na kazi ikafanyika.) Sheria ya mwaka 1955 ilimpa leseni ya kasino yeyote aliyewekeza dola milioni moja kwenye hoteli, bila kuulizwa historia yake. Desemba 1957 Lansky akafungua Riviera, ghorofa 21 zenye kiyoyozi, kwa gharama ya takriban dola milioni 14, sehemu yake ikiwa mkopo wa serikali. Kwenye karatasi za hoteli hiyo cheo chake kilikuwa mkurugenzi wa jiko.

Batista alikimbia mapinduzi ya Fidel Castro alfajiri ya tarehe 1 Januari 1959. Umati ulivunja kasino za Havana, na inasimuliwa kwamba wakulima waliingiza nguruwe kwenye ukumbi wa Riviera. Mwaka 1960 serikali ya Castro ikataifisha hoteli.

Lansky alikuwa na watoto watatu kwa mke wake wa kwanza, Anne, waliyeachana mwaka 1947. Bernard, aliyeitwa Buddy, alizaliwa na ulemavu wa ubongo uliomdhoofisha viungo, na baba alitumia fedha nyingi kumtafutia tiba. Ukubwani alifanya kazi ya kupokea simu hotelini. Paul alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1954 na kuwa rubani wa jeshi la anga, mbali kabisa na shughuli za baba yake. Binti alikuwa Sandra.

Lansky mwenyewe alifungwa mara moja tu, mwaka 1953, miezi miwili hivi kwa kamari ya Saratoga Springs. Mwaka 1970 alihamia Israel, lakini ikamnyima uraia na akalazimika kuondoka 1972. Kesi ya kukwepa kodi alishinda mwaka uliofuata, kwa sababu ile ile: hapakuwa na karatasi ya kumfunga. Na pasipo karatasi, wasia hauna cha kugawa. Asilimia za mdomo hazirithiwi, wenzake waliozitambua walikuwa wakifa mmoja mmoja, na hakuna mahakama ambayo Buddy angeweza kwenda kudai fungu la baba yake kutoka chumba cha kuhesabia. Buddy alifariki mwaka 1989.

Marekani na Cuba ziliporejesha uhusiano, familia ya Lansky ilijitokeza mwaka 2015 kudai fidia ya Riviera. Hoteli bado ni mali ya serikali ya Cuba.