Mbunge atakutetea kwenye kikao ambacho hutakuwamo

Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona mbunge kuomba fedha za sanaa, nilibeba ripoti ya kurasa 42. Ilikuwa na picha, jedwali na shuhuda za wasanii. Mheshimiwa aliipokea kwa mikono miwili, akafunua kurasa mbili tatu, akaiweka mezani. Kisha akauliza, "Mnataka kiasi gani, na kinakaa kwenye fungu lipi la bajeti?" Tulikuwa watu sita mle ndani. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Yule mzee alikuwa na nia njema, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wiki iliyofuata alikuwa anaingia kwenye kamati yenye wajumbe wanaotetea barabara, maji na hospitali, na huko angepata dakika chache tu za kusema. Alitaka tumpe la kusema. Tukampa mzigo wa karatasi.

Tangu siku hiyo, maandalizi yangu yote nayapima kwa swali moja: mheshimiwa huyu atasema nini juu yetu tukiwa hatupo? Fedha haziamuliwi siku mnapopiga naye picha kwenye ngazi za bunge. Zinaamuliwa kwenye kikao cha kamati, mara nyingi jioni, watu wamechoka, na wewe uko nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kuomba miadi, jua fedha yenyewe inapita wapi. Hapa ndipo vikundi vingi vya sanaa vinapojikwaa, kwa kudhani kila bunge linafanya kazi sawa. Katika mabunge mengi yaliyorithi utaratibu wa Uingereza, mbunge wa kawaida hawezi kupendekeza matumizi yaongezwe. Pendekezo hilo lazima litoke serikalini. Anachoweza ni kuhoji, kubana na kuibua hoja kwenye kamati hadi waziri aone afadhali akubali. Katika nchi ya namna hiyo, ukifika bungeni baada ya makadirio kusomwa, umechelewa. Ulitakiwa uwe umeanza na maofisa wa mipango wizarani miezi kadhaa nyuma, kabla ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu ambacho wizara inaruhusiwa kutumia, haujafungwa, huku mbunge akiuliza maswali kwa ajili yako. Marekani mambo ni tofauti: Congress, yaani bunge lao, yenyewe ndiyo inayoandika tarakimu, na kamati ndogo moja inaweza kupandisha au kushusha kiwango alichopendekeza rais.

Kalenda nazo hazifanani. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaanza tarehe 1 Oktoba, wa Uingereza tarehe 1 Aprili, wa Kenya na Tanzania tarehe 1 Julai. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya nchi yako, na miadi yako ya kwanza iwe walau miezi sita kabla yake.

Mfano ninaoupenda kuwafundishia wenzangu ni wa mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, National Endowment for the Arts, ulioanzishwa mwaka 1965. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya mabishano makali kuhusu kazi chache zilizochukiza watu, bajeti yake ilikatwa kutoka takriban dola milioni 162 hadi chini kidogo ya milioni 100. Mwaka 2017 rais alipendekeza ufutwe kabisa. Safari hii Congress, iliyokuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe, iliupa dola milioni 149.8 kwa mwaka huo, kisha milioni 152.8 mwaka uliofuata. Kamati ndogo ya Seneti inayosimamia fedha hizo iliongozwa na Lisa Murkowski wa Alaska, wa chama kilekile cha rais. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ipo moja ambayo mtetezi wa sanaa hapaswi kuisahau: asilimia 40 ya fedha za ruzuku hupelekwa kwa mabaraza ya sanaa ya majimbo na ya kikanda, na ruzuku za mfuko huo hufika kwenye kila jimbo la uchaguzi. Mbunge wa vijijini alipoangalia orodha alikuta kwaya ya kwake, jumba la makumbusho la kwake, tamasha la kwake. Kuufuta mfuko kungekuwa kuwanyang'anya wapiga kura wake kitu wanachokijua kwa jina.

Kwa sababu hiyo, siku hizi naingia na ukurasa mmoja tu. Juu kabisa ni ombi: kiasi, fungu, mwaka wa fedha, na kamati itakayolijadili. Chini yake orodha fupi ya kazi za sanaa zilizofanyika kwenye jimbo la mbunge huyu kwa fedha za umma, na idadi ya watu waliolipwa. Kisha jina na namba ya mtu mmoja wa kupigiwa. Takwimu za kitaifa naziweka chache. Kila sekta inakuja na hesabu yake ya jinsi shilingi moja inavyozaa tano, na wasaidizi wa wabunge wamezizoea hizo kiasi kwamba hawazisikii tena. Tarakimu ndogo ambayo unaweza kuionyeshea risiti ina nguvu kuliko kubwa ambayo huwezi kueleza ilivyopatikana.

Msaidizi wa mbunge, kwa njia, usimdharau. Yeye ndiye anayeandika hoja. Nimewahi kuona ujumbe wa wasanii ukisikitika kwamba "tumekutana na kijana wa ofisi tu", kumbe kijana huyo ndiye aliyekuwa akiandaa maswali ya kamati usiku uleule.

Na uchague vizuri wa kuzungumza. Msimu mmoja tulikuwa na mwigizaji maarufu ambaye kila mtu alitaka aongoze ujumbe. Usiku wa kuamkia miadi tulifanya mazoezi, mmoja wetu akijifanya mbunge. Mwigizaji alizungumza kwa ufasaha juu ya roho ya taifa, dakika tisa. Kisha tukampa nafasi fundi cherehani anayeshona mavazi ya jukwaani, mama mtu mzima ambaye alikuwa hataki hata kuja. Akasema, "Jukwaa likifungwa, mimi nafunga na cherehani. Nina wasichana wanne wanaojifunza kwangu. Nao wanarudi nyumbani." Chumba kikanyamaza. Kesho yake ndiye aliyeanza kuzungumza. Baadaye, nikisoma kumbukumbu za kamati, nilikuta mbunge amewaeleza wenzake habari za cherehani na wasichana wanne, karibu neno kwa neno. Ombi letu halikupita lote. Lakini safari hii kulikuwa na sauti mle ndani.

Swali gumu litakuja, nalo ni lilelile siku zote: kwa nini fedha za ngoma wakati hospitali hazina dawa? Usibishane na hospitali, na kamwe usiseme sekta nyingine inapata mno. Eleza ombi lako ni sehemu gani ya bajeti nzima, kwa kawaida chini ya asilimia moja, kisha sema nani atapoteza kazi au darasa lisipotolewa. La pili ni kuhusu kazi zinazokera. Hapo eleza nani anachagua miradi. Baraza la Sanaa la Uingereza, lililopewa hati yake mwaka 1946, lilijengwa juu ya msingi kwamba serikali inatoa fedha lakini haichagui kazi, na msingi huo unamkinga mbunge pia: hatalazimika kujibu kwa kila mchezo unaochezwa.

Angalia pia sheria za nchi yako kuhusu ushawishi na zawadi. Hata tiketi ya bure ya onyesho inaweza kumletea mbunge matatizo.

Kisha kuna kazi inayobaki baada ya bajeti kupita, ambayo wengi wetu huiacha kwa kushangilia mapema. Fedha zilizotengwa si fedha zilizotolewa. Nimeona fungu zuri kabisa likipitishwa, na robo mwaka ya tatu inaisha bila hata senti kufika kwa wasanii. Siku bajeti inaposomwa ninaweka tarehe nne kwenye kalenda, moja kwa kila robo. Ikifika, namwandikia msaidizi wa mbunge mistari mitatu: kilichotengwa, kilichofika, na swali ambalo mheshimiwa anaweza kumuuliza waziri.