Kusoma biashara ya kilimo Lubumbashi: hesabu ya gunia moja la mahindi

Kila mwaka maandikisho yanapofunguliwa, hakosi mzazi wa kuniuliza: "Prof, mtoto akae chuoni miaka yote hiyo halafu aje kulima? Si bora asomee migodi?" Mji huu umejengwa juu ya shaba, kwa hiyo swali simlaumu nalo. Namjibu kwamba mtoto atasomea pesa ya chakula: nani aliitoa, ilikaa wapi, kwa muda gani, na hasara ilimwangukia nani.

Mpangilio wenyewe si mgumu kuuelewa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu ya Kongo (DRC) imehamia kwenye mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari, na lisansi (shahada ya kwanza) ni miaka 3 yenye krediti 180, kisha masta miaka 2 kwa anayetaka kuendelea. Kwa kawaida mwaka wa kwanza una kemia, mimea, udongo na hesabu. Hapo ndipo wanafunzi wanaponung'unika, eti wao wamekuja kwa ajili ya biashara, udongo wa nini? Sikubaliani nao hata kidogo. Katanga, eneo letu hili, ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, na udongo wake mwingi una asidi, unahitaji chokaa. Asiyejua hayo atapitisha mkopo wa mbolea utakaomfikia mkulima Januari, wakati mahindi yameshapita magoti. Kwenye karatasi mkopo umetolewa, lakini shambani haujafanya kazi yoyote.

Utamu unaanza mwaka wa pili, tunapofika kwenye hesabu ya ghala. Kwa sababu mvua ni ya msimu mmoja, mahindi hujaa sokoni baada ya mavuno na bei hushuka. Ikifika Desemba au Januari, maghala yamepungua na bei imepanda. Kila mwanafunzi anadhani ameshaona utajiri: nunua Mei, uza Januari. Basi tunakwenda ubaoni, na nambari ninazoandika ni za mfano tu.

Gunia la kilo 50 umelinunua dola 20, yaani senti 40 kwa kilo. Ghala na dawa vimekula dola 2. Pesa umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na kwa miezi 8 riba imefika dola 4.80. Gharama sasa ni dola 26.80. Darasa bado linatabasamu. Halafu ninauliza: gunia bado lina kilo 50? Dumuzi na fukusi, wadudu wanaokula nafaka, hawalipi kodi ya ghala. Yakipotea kilo 5, zinabaki 45, na kila kilo imekugharimu karibu senti 60. Bei lazima ipande karibu nusu nzima ndipo uanze kuona faida ya dola ya kwanza. Tunabadilisha: mahindi yamekaushwa vizuri, imepotea kilo 1 tu, riba imeshuka hadi asilimia 1.5. Gharama inakuwa dola 24.40 kwa kilo 49, kama senti 50 kwa kilo. Mahindi ni yaleyale na Januari ni ileile. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeniuliza tena kwa nini tunasoma unyevu wa punje.

Kazi ya sokoni nayo ina mitego yake. Tunawatuma wanafunzi wakaandike bei ya unga, na wengi hurudi na bei ya kopo. Kilo je? Kopo la mama huyu limebonyea chini. La jirani yake linajazwa hadi kilele, halafu mteja anaongezewa kiganja cha matabishi, yaani nyongeza ya bure. Ukiyapima kwenye mizani, aliyetaja bei ya juu anaweza kuwa ndiye anayeuza rahisi. Kwa hiyo mizani midogo inabebwa kwenye mkoba pamoja na daftari, na mama anaombwa ruhusa kwa adabu kabla ya kugusa bidhaa yake. Mwenye haraka hudanganywa, na atakuwa amejidanganya mwenyewe.

Na mpaka? Huwezi kueleza bei ya bukari (ugali wetu) Lubumbashi bila Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia. Mahindi na unga mwingi hutoka Zambia, na Zambia imeshazuia kuuza mahindi nje zaidi ya mara moja. Mwaka 2024 ukame uliwapiga vibaya hadi serikali yao ikatangaza janga la kitaifa. Bei ikipanda, familia hapa hazipunguzi sana bukari. Hupunguza samaki, nyama, hata mafuta. Ndiyo maana mwanafunzi anayechunguza unga peke yake hataona mahali familia ilipoumia.

Kuhusu ajira sipendi kudanganya watu. Zipo nafasi kwenye mikopo midogo, kwenye viwanda vya unga, kwenye mashirika, lakini si nyingi kama matangazo ya vyuo yanavyotaka tuamini. Ninayoiona na nafasi zaidi ni kulisha kambi za migodi. Sheria ya Februari 2017 imetengea kampuni zenye mtaji wa Wakongomani kazi za kandarasi ndogo, na mayai, mboga na nyama ni sehemu ya mahitaji ya kila siku. Ugumu wake ni malipo: kampuni kubwa inaweza kulipa ankara baada ya siku 30 au 60, huku kuku wanakula leo. Bila mtaji wa mzunguko, oda kubwa inaweza kukufilisi kuliko kukosa oda.

Njia moja ni kuungana. Sheria ya ushirika ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo inaifuata tangu ilipojiunga mwaka 2012, inaruhusu ushirika wa aina rahisi kuanza na watu 5. Ule wenye bodi ya uongozi unahitaji 15. Tunawafundisha kuandika katiba yake, na kipengele kinachochukua muda mrefu kuliko vyote ni kile cha mwanachama anayeuza pembeni bei ikipanda.

Wanaouliza kama hesabu ni nyingi: ndiyo. Asilimia, takwimu, uhasibu, na majedwali ya kompyuta hadi usiku. Kabla ya kulipa ada, kiulize chuo kama kina shamba la mazoezi linalolimwa kweli, na mwanafunzi anafanya stazi (mafunzo kazini) ya muda gani, kwa nani. Ukioneshwa jengo tu, omba pia kuona ghala.