360,360: namba inayogawanyika kwa 1 hadi 15 bila baki

Tuseme kikundi cha kuweka na kukopa cha Uyole, Mbeya, kimevunja kikoba baada ya mavuno ya viazi, na faida ya kugawana sawa kwa sawa ni shilingi 360,360. Wakiwa watu 7, kila mmoja anaondoka na 51,480. Wakiwa 11, ni 32,760. Wakiwa 13, ni 27,720. Wawe wangapi kuanzia 1 hadi 15, haibaki hata shilingi, na hakuna namba nzima ndogo kuliko hiyo, ukiacha sifuri, inayoweza kazi hiyo.

Shuleni tuliifahamu dhana hii kama kigawe kidogo cha shirika, KDS. Darasani huwa tunaitafuta kwa namba 2 au 3. Hapa imetafutwa kwa namba 15 kwa mpigo. Ukizizidisha zote, 1 × 2 × 3 hadi 15, unapata 1,307,674,368,000. Nayo inagawanyika, lakini imebeba mizigo isiyohitajika, kwa sababu palipo na 2 na 3, 6 imeshapatikana.

Kinachotakiwa ni namba tasa tu, kila moja kwa idadi inayotosha. 8 inadai 2 tatu, 9 inadai 3 mbili, kisha 5, 7, 11 na 13 moja moja:

2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 = 360,360.

10, 12, 14 na 15 hazidai kipya. 16 ndiyo inayokwama, maana inataka 2 ya nne. Kwa hiyo KDS ya 1 hadi 16 inaruka hadi 720,720.

Vigawo vya 360,360 viko 192. Ni vingi sana, ila 332,640, iliyo ndogo zaidi, nayo ina 192. Tofauti ni kwamba 332,640 haina 13 ndani yake: igawe kwa 13, itabaki 9. Kwangu hili ndilo la kushika kuhusu namba kubwa. Ukubwa wake, hata wingi wa vigawo vyake, haukuambii itagawanyika kwa nini; vigawo tasa ndivyo vinavyoamua.

Na ule mwonekano wa 360 kujirudia? Unatokana na 7 × 11 × 13 = 1,001. Mwambie mtoto wa darasa la sita pale Makambako achague namba yoyote ya tarakimu 3, tuseme 745, aiandike mara 2 mfululizo: 745,745. Aigawe kwa 7, jibu aligawe kwa 11, kisha kwa 13. Atarudi kwenye 745, kwa kuwa kuiandika mara 2 ni sawa na kuizidisha kwa 1,001.

Hapo pia ndipo inapotoka njia ya kupima namba ya tarakimu 6 bila kikokotoo. Chukua 482,183. Toa 183 kwenye 482, upate 299. Namba nzima ya mwanzo inagawanyika kwa 7, 11 au 13 pale tu tofauti hiyo inapogawanyika. 299 ni 13 × 23, kwa hiyo 482,183 inakubali 13, lakini inakataa 7 na 11.