Ngao ya mirabaraba ya Baztan: ilitoka wapi na husomwaje

Baztan ni manispaa ya bondeni, kaskazini mwa jimbo la Navarra nchini Hispania, pembeni mwa mpaka wa Ufaransa. Ina vijiji 15, na makao yake makuu ni Elizondo. Nembo yake ni ngao ya mirabaraba myeupe na myeusi, kama ubao wa drafti. Huna haja ya kwenda ofisi ya manispaa kuiona, maana imechongwa kwenye kuta za nyumba za watu.

Wenyeji husimulia kwamba mababu zao walipigana vita vya Las Navas de Tolosa mwaka 1212 wakiwa na Mfalme Sancho wa Saba wa Navarra, iliyokuwa ufalme wakati huo. Waliziweka roho zao rehani kama mcheza sataranji anavyotoa kete zake, naye mfalme akawazawadia ubao. Hadithi tamu. Ila hati yenye uzito ni hukumu ya mwaka 1440, enzi za Carlos, Mwanamfalme wa Viana, mrithi wa ufalme huo, na kesi yenyewe ilihusu nguruwe. Maofisa wa mfalme walidai ushuru kwa nguruwe waliolishwa misituni. Watu wa bonde wakagoma: misitu ni yetu, si ya mfalme. Wakashinda, na wakazi wakatambuliwa kuwa waungwana, si ukoo mmoja mmoja bali bonde zima.

Kwa hiyo ngao ukutani haikuwa pambo. Ilitangaza kuwa nyumba hii ina haki katika misitu na malisho ya pamoja. Ndiyo maana ilifuata nyumba kuliko jina la ukoo.

Waliofungiwa nje walikuwepo. Waagote, jamii ndogo iliyobaguliwa, wa mtaa wa Bozate, kijijini Arizkun, waliishi bonde hilohilo bila kuhesabiwa wenyeji kamili, na hata kanisani walitengwa. Sheria za kuwabagua zilifutwa mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Ukiisifu ngao hii, wakumbuke na hao.

Sasa kuisoma. Katika elimu ya nembo, kulia ni kulia kwa aliyeishika ngao, yaani kushoto kwako unayeitazama. Maelezo yakisema “mirabaraba ya fedha na nyeusi”, mraba wa kwanza, juu kushoto kwako, ni wa fedha, na fedha huchorwa nyeupe. Dhahabu na fedha huitwa madini. Nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni rangi. Madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi, kwa sababu ngao ilipaswa kutambulika kwa mbali. Fedha na nyeusi zinatimiza sharti hilo.

Kwenye jiwe lisilopakwa rangi, mchongaji huinua mraba mmoja na kuzamisha unaofuata. Kwenye michoro iliyochapwa, tangu karne ya 17, nyeusi huonyeshwa kwa mistari ya wima na ya mlalo inayokatana, na fedha huachwa wazi. Idadi ya miraba isikusumbue: hubadilika kulingana na ukubwa wa jiwe. Kinachoharibu nakala ni kugeuza picha kama kwenye kioo. Safu za wima zikiwa shufwa, mraba wa kwanza utageuka mweusi.

Mawe mengi ya bondeni ni ya mchanga, laini, yenye wekundu. Usiyasafishe kwa maji ya kasi wala brashi ya waya: kingo za miraba hulika, na zikishalika hutajua tena upi uliinuliwa na upi ulizamishwa.