Utajiri wa Dar es Salaam na mfuko wa halmashauri

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huamini kwamba halmashauri yenye biashara nyingi ni lazima iwe na fedha nyingi, hivyo wanapoona barabara ya mtaa ina mashimo huhitimisha kwamba fedha zimeliwa. Ubadhirifu haufai kutetewa hata kidogo, lakini hesabu hii imekosewa tangu mwanzo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza vitambaa vya shilingi milioni 300 kwa mwaka hutoa risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kodi hiyo, pamoja na kodi ya mapato na ushuru wa forodha uliolipwa bandarini, hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kuingia Hazina, yaani mfuko wa Serikali Kuu. Halmashauri ya Jiji hubaki na ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo, yaani laki tisa kwa mwaka mzima, na ada ndogondogo. Hata kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, badala ya kukusanywa na halmashauri.

Dhana ya pili, inayoniudhi zaidi, ni kwamba watu wa vijijini hawalipi kodi kwa sababu kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima, ilifutwa mwaka 2003. Ushuru wa mazao, unaotozwa na halmashauri, upo: asilimia 2 kwa mazao ya chakula na asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama korosho. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini mnunuzi naye huufidia kwa kushusha bei anayompa mkulima. Mahindi ya shilingi milioni moja hutozwa 20,000, ilhali vitambaa vya thamani hiyohiyo Kariakoo huiachia halmashauri 3,000. Sioni haki katika tofauti hiyo.

Husemwa pia kwamba Dar es Salaam ndiyo inayoilisha nchi. Ni kweli kwamba makusanyo yake ni makubwa, ila waagizaji na makao makuu ya kampuni nyingi yako hapa, kwa hiyo kodi iliyomo ndani ya bei ya dizeli, sabuni na vocha anazonunua mkulima wa Newala, mkoani Mtwara, huhesabiwa kuwa imekusanywa jijini. Na kama ni utegemezi, mishahara ya walimu wa Temeke, hapa jijini, hutoka Hazina sawasawa na ya walimu wa Newala.